Kilifi hadi Malindi kwa miguu: shanta, begi la mgongoni, ndiyo ya mwisho kununua

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Malindi, miaka 24. Mimi na binamu yangu tumeamua mwezi wa Agosti tutembee kwa miguu kutoka nyumbani hadi Mombasa, tukipita ufuoni, siku sita. Nimesoma orodha nyingi za vifaa na zote zinanichanganya: hema la watu wawili, mfuko wa kulalia, jiko la gesi, buti za mlimani, nguo tabaka tatu. Kila mmoja wetu ana shilingi 15,000. Tuanze kununua nini? Na je, tukielekea Lamu badala ya Mombasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la Lamu maana ni fupi: kwa miguu msiende. Kwenye barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu magari yamewahi kushambuliwa, na Mto Tana una mamba na viboko. Lamu nendeni kwa basi, na mkifika mtembee ufuo wa Shela, kilomita kama 12 za mchanga mtupu. Hapo mtaijua miguu yenu bila kumtia mtu wasiwasi.

Sasa hii ya Mombasa. Kabla sijagusa vifaa nitawabadilishia mambo mawili, kwa sababu yakibaki hivyo hata vifaa vya mfalme havitawafaa. La kwanza ni upepo. Agosti ni kusi, upepo utokao kusini, na ninyi mnataka kuelekea kusini, yaani siku sita uso kwa uso na upepo, mchanga ukiwapiga machoni. Manahodha wa zamani hawakufanya hivyo. Kusi ilikuwa ya kupanda nayo kaskazini. Geuzeni safari. Pandeni matatu hadi Kilifi asubuhi mapema, kisha mrudi nyumbani kwa miguu, upepo mgongoni. La pili ni urefu. Kwa barabara Kilifi hadi Malindi ni kilomita 60 hivi, na kwa ufuoni ni zaidi, maana pwani haikunyooka kama lami. Mwenye mzigo kwenye mchanga hutembea kilomita tatu kwa saa, na saa tano kwa siku zinamtosha kabisa. Hesabu hiyo inawapa siku tano. Kusini ya Kilifi mtaitembea mwaka mwingine, na kuanzia Mtwapa kwenda Nyali, nikuambie kweli, mimi mwenyewe huwa napanda matatu.

Orodha ulizosoma si za uongo, ila hazikuandikiwa wewe. Waliziandika watu wa milima ya Marekani na Ulaya, ambako hata kiangazi mvua ya usiku inaweza kumuua mtu kwa baridi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwandishi wa orodha hataubeba mzigo wako hata hatua moja. Kwetu mwezi wa Agosti usiku huteremka hadi nyuzi 22 hivi, ukijifunika shuka unalala. Kinachotutesa sisi ni jua, chumvi, mchanga na mbu. Ukishika hayo manne, nusu ya ile orodha inaanguka yenyewe.

Na huko huko Marekani alikuwako bibi mmoja, Emma Gatewood, mama wa watoto kumi na mmoja. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliitembea peke yake njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, amevaa raba za turubai na kubeba begani mfuko aliojishonea. Ndani alikuwa na blanketi la jeshi na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua. Simtaji ili mkanunue pazia. Namtaja kwa sababu kila kijana anayeniuliza kuhusu safari huanza na begi, na bibi huyu alianza na miguu.

Basi tuanze na viatu. Kati ya zile elfu kumi na tano, tano ziende huko. Msinunue buti. Buti ikiingia maji ya chumvi haikauki siku tano nzima, na mguu uliolowa ndani ya ngozi ngumu huwa laini kama mkate uliochovywa chai, malengelenge hayachelewi. Nunueni raba za kukimbilia, nyepesi, zenye kitambaa cha matundu kinachopitisha maji yakatoka, na ziwe kubwa kwa nusu saizi kwa sababu mguu hufura ukishatembea saa tatu kwenye joto. Mkizijaribu, jaribuni jioni, na soksi mtakazotembea nazo.

Za mtumba ni sawa, hata mimi ndizo nivaazo, lakini kuna mtego. Soli ya kati, ile sponji iliyo baina ya kitambaa na mpira wa chini, kwenye viatu vingi hunyonya unyevu wa hewa na kuoza polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa macho huoni kitu. Miaka iliyopita nilinunua buti za mtumba zilizong'aa kama za harusi, nikaondoka nazo kwenda zangu Takaungu. Siku ya pili nikahisi mguu wa kushoto unapiga makofi. Kuangalia, soli imeachama kama mdomo wa chewa, na ile sponji inamwagika unga mchangani. Nikaifunga kwa mshipi wa kuvulia, nikachechemea hadi kijijini, fundi akanipa akala za tairi, na kwa akala hizo nikamaliza safari. Kwa hiyo mkiwa sokoni shikeni kiatu, mbonyeze sponji kwa kidole gumba kwa nguvu pande zote, kisha mkikunje soli hadi karibu ishikane. Ikitoa nyufa au ikiacha unga kidoleni, rudisha pale pale, hata ikiwa bure.

Jozi ya pili iwe kandambili zenye mkanda wa nyuma au hizo akala, za kuvukia maji na za jioni. Pekupeku kwenye miamba msitembee kabisa. Matumbawe yaliyokufa hukata kama wembe, na kidonda cha matumbawe ndani ya maji ya bahari hakiponi haraka. Mkiingia maji ya magotini yenye mchanga chini, burutani miguu badala ya kuinyanyua. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akiwa amejifukia na akaguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa huchoma. Akimchoma mtu, dawa ya kwanza ni kutumbukiza mguu kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika usiobabua, hadi maumivu yapungue. Kisha zahanati.

Malengelenge yana wazazi watatu: joto, unyevu na msuguano, na sisi tuna mtoto wa kambo, mchanga. Kila saa moja keti, vua, kung'uta soksi, futa baina ya vidole. Mkihisi sehemu inawaka, simameni hapo hapo, msiseme "tukifika mbele". Ibandikeni plasta ya kitambaa kabla haijavimba. Kwa mapajani na kwapani pakeni mafuta mazito ya mgando asubuhi kabla ya kuondoka, na msione haya kulizungumza. Nimeona vijana wenye nguvu wakiacha safari kwa sababu ya mapaja, si kwa sababu ya mapafu. Jioni kwenye sakafu zenye mavumbi angalieni tekenya, wale funza, vidoleni.

La pili ni maji, na hapa sina mchezo. Lita moja ina kilo moja, na kila mtu atahitaji lita nne au tano kwa siku, hata kama kusi inawadanganya kwa ubaridi wake. Msibebe zote. Bebeni tatu, chupa mbili za lita moja na nusu zenye mdomo mpana, mjaze kila mnapopita kijiji. Tatizo la pwani yetu ni kwamba visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina chumvi. Kile kichujio cha mrija mnachokiona kwenye intaneti hushika vijidudu na matope, chumvi hakiigusi. Kwa hiyo onjeni kwanza, na mkiona ukakasi, ulizeni maji ya mfereji. Mkishayapata matamu, wekeni dawa ya klorini, mngoje dakika 30. Chupa ya dawa ni ndogo kuliko kidole na inawatosha ninyi wawili safari nzima. Kichujio hakuna haja.

Madafu kunyweni, lakini msidanganyike kuwa yanarudisha kila kitu. Dafu lina potasiamu kwa wingi, chumvi lina kidogo sana, na jasho linatoa chumvi. Ndiyo maana mtu hunywa madafu matatu na bado kichwa kinamuuma. Bebeni kichupa cha chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, visiwe na mlima. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kaeni kivulini mnywe kwanza.

Jiko la gesi liacheni. Mnapita kwa watu, hampiti jangwani. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana viazi karai au chapati, jioni samaki wa kupaka ukibahatika. Mikobani wekeni tende, korosho na karanga. Tende haiyeyuki, haiozi, na ukiila na karanga unapata nguvu ya saa mbili. Halua nayo nimewahi kubeba, ni nguvu tupu, ila siafu wa nusu ya wilaya walinitembelea usiku ule.

Kulala. Hema la watu wawili la bei yenu litakuwa tanuri, na vijiti vyake vitavunjika kwa kusi usiku wa kwanza. Mnachohitaji ni chandarua chenye dawa na turubai jepesi la mita tatu kwa tatu kwa wote wawili, na kamba ya nailoni mita kumi. Turubai linazuia umande na manyunyu, na Agosti manyunyu yapo. Chandarua kinazuia malaria, na hicho si cha kukifikiria mara mbili. Chini tandikeni msala wa miyaa au kipande cha sponji nyembamba. Jifunikeni kikoi.

Vigingi vya chuma mchangani havishiki, mtavipigia nyundo hadi asubuhi. Fanyeni hivi: okoteni makumbi ya nazi, fungeni ncha ya kamba katikati ya kumbi, chimbeni shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, lazeni kumbi kwa upande, kamba itoke kwa mshazari kuelekea turubai, mfukie na mkanyage. Kusi livume litakavyo. Upande wa turubai unaoelekea kusini uwe chini kabisa, wa kaskazini uwe wazi. Na kabla ya kufunga chochote inueni macho: msilale chini ya mnazi. Nazi ikidondoka haiulizi ukoo, na kuti kavu nalo ni zito kuliko linavyoonekana.

Vikoi bebeni viwili kila mmoja. Hakuna kifaa cha dukani kinachokishinda kikoi kwetu. Ni shuka, ni taulo, ni kivuli cha mchana, ni kilemba, ni cha kujistiri mkiingia mjini. Kwa kutembea vaeni shati jepesi la mikono mirefu la kitambaa kinachokauka haraka, mitumba imejaa. Mkielekea kaskazini jua la asubuhi litakuwa kulia kwenu siku zote tano, basi sikio la kulia na shingo upande huo vifunikeni, au mtafika Malindi mmeiva upande mmoja kama mkate uliosahauliwa jikoni. Nguo za kutembea ni jozi moja, ya kulalia jozi moja kavu isiyotolewa nje hata mkitukanwa. Basi. Ya tatu ya nini?

Sasa ndipo shanta. Kusanyeni vyote nilivyotaja, mvirundike sakafuni, ndipo mwende kutafuta shanta inayovitosha. Ukianza na shanta ya lita 70 utaijaza tu, mwanadamu haachi nafasi tupu. Kwa mzigo huu lita 40 zinatosha. La maana ni mkanda wa kiuno. Ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, ukazwe kwanza, kisha ndipo ukaze ya mabega. Uzito mwingi ushuke nyongani na mabega yashike tu ili shanta isirudi nyuma. Sokoni itieni kitu kizito, hata mawe, mtembee nayo mara mbili kuzunguka soko. Watu watacheka, waacheni. Angalieni mshono ambapo mikanda inashikana na mgongo, na mpitishe kiganja ndani: rangi ya ndani ikinata na kunuka kama soksi iliyosahauliwa, imeshaoza, haizuii maji tena.

Kuna jambo la kuzuia maji ambalo orodha za ng'ambo zitawaponza. Zinasema utandike shanta ndani kwa mfuko mkubwa wa plastiki wa taka. Hapa Kenya mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, na Watamu mtapita kwenye hifadhi. Chukueni mfuko mmoja wa turubai la mpira ule wa kukunja mdomo, wanaotumia watu wa mashua. Nguo kavu, simu na kitambulisho viingie humo. Zipu zipakeni mshumaa kabla ya safari, zote, na kila mkipata maji matamu ya ziada zisuuzeni. Chumvi ikikaa usiku mmoja kwenye zipu ya chuma, asubuhi mtakuwa mnavutana nayo kama mbuzi asiyetaka sokoni.

Mkipanga: vyepesi chini, maji na chakula katikati mkiviegemeza mgongoni, turubai juu kabisa kwa sababu mvua haitangoji ufungue. Bila chakula na maji mzigo usizidi kilo tano. Pamoja navyo, tisa. Mkizidisha, anza kutoa, na cha kwanza kutoa ni kile ulichokitia ukisema "huenda". Dawa msitoe: plasta, bendeji moja, dawa ya maumivu, ya kuharisha, na kibano cha kutolea miiba ya wale wadudu weusi wa kwenye miamba. Tochi ya kichwani iwe na taa nyekundu, maana kasa hupanda kutaga kwenye fuo za Watamu, na mwanga mweupe humrudisha baharini na mayai yake.

Njiani mtakutana na walinzi wa hoteli na wa majumba watakaowaambia hapa ni kwa mtu. Kwa upole waambieni kwamba Katiba ya 2010 imeiweka ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, kisha teremkeni kwenye mchanga uliolowa mpite. Huko ndiko mnakotaka kuwa hata hivyo, maana mchanga uliolowa ni mgumu na haumezi mguu. Ila umeinama kuelekea baharini, na mguu wa kulia utakuwa chini ya wa kushoto siku nzima, nyonga itauma. Fimbo moja mkono wa kulia inasaidia, na usiku inakuwa nguzo ya turubai. Pa kulala msijichagulie gizani. Fikeni kijijini jua lingali juu, pigeni hodi kwa mzee wa mtaa au kwa wavuvi, semeni mmetoka wapi na mnakwenda kwa nani. Mkikatiza bara msipite ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kama njia ya mkato; una ndovu na nyati, na hawajui habari za Katiba.

Tarehe sasa. Bamvua mnalijua, maji kujaa sana na kupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwetu siku hizo maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna zaidi ya mita tatu, na mahali pengine maji yakijaa yanagonga jabali, hakuna pa kupita. Kwa hiyo ondokeni Kilifi tarehe 12 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hiyo maji yatakauka saa mbili na nusu hivi, ya pili saa tatu na ushei, ya tatu saa nne, ya nne karibu saa tano, ya tano karibu saa sita. Mkianza kutembea saa kumi na mbili alfajiri siku tatu za kwanza, na siku mbili za mwisho mkingoja kwanza maji yatoke, mnapata mchanga mgumu hadi jua kali, na jioni mnapata mbalamwezi ya kupikia chai kwa watu. Mkiondoka tarehe 7, maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, mchanga mgumu mtaupata ukanda mwembamba tu.

Ghuba ya Mida mtaifikia upande wa Uyombo na itabidi mvushwe hadi Watamu. Mkondo wa pale mdomoni una nguvu, msijaribu kuogelea hata kama maji yanaonekana yametulia. Tafuteni mwenye mashua kijijini, mvuke maji yakiwa yamesimama, baina ya kutoka na kuingia. Bei mpatane mkiwa bado mchangani, shanta mzishike mkononi mikanda ikiwa imefunguliwa, na raba mzifunge shingoni kabla hamjakanyaga maji.